Mgawo

Siku tuliyoondoa tanga mlima ulikuwa wazi tangu alfajiri,
mweupe kama shuka aliyoifua mtu mwingine.
Kutoka barazani hauonekani siku hizi, jirani kaongeza ghorofa.
Unaonekana nyuma,
pale kwenye kamba zangu za nguo.

Moshi yetu, mtaa wa wenye nazo unaitwa Shanti Taun,
jina la mabanda juu ya kuta za mawe.
Nikiwaambia ndugu zangu wa Usangi ninakoishi
wananiomba nauli.

Walikaa sebuleni watoto wote watano wa marehemu,
na baba zao wadogo walioshuka kutoka Machame,
na Ndealilia, kifungua mimba, kavaa miwani ya mama yake
ili asome mwandiko wa mama yake.
Nyumba: Ndealilia.
Kihamba, kuanzia mfereji hadi masale ya kwa akina Swai:
Aminiel, kitinda mimba, ingawa yuko Dar na migomba haijui.
Ng'ombe wa mabaka na mtamba wake.
Gari. Cherehani. Vyombo vya harusi, seti ya watu kumi na wawili.
Mimi nilikuwa nazunguka na chupa ya chai.
"Na Nakijwa," akasoma,
akanyamaza, akageuza karatasi
kama mtu anayetafuta bei.

*Nakijwa abaki chumba cha nyuma. Asisumbuliwe.*

Wakalia. Nami nikalia, maana marehemu nilimpenda,
nilimgeuza kitandani miezi saba asipate vidonda,
na yeye kila Krismasi alinunua kitenge,
doti moja, tugawane mimi na mama.
Kisha Aminiel akasema, Nakijwa nitamchukua mimi,
mke wangu anajifungua mwezi wa tisa.
Ndealilia akasema, na hii nyumba?
Baba mdogo akauliza, kwa upole kabisa, ng'ombe je?
Hakuna aliyetamka neno baya.
Nataka hilo lieleweke.
Waliniita dada, wakaninyooshea vikombe.

Chumba cha nyuma nilikirithi kwa mama.
Alishuka kutoka milima ya Upare na shuka moja na mimba,
akamlea Ndealilia mgongoni.
Mimi nilitembea mapema,
mgongo ulikuwa na mtu.
Tumepishana wiki tatu. Tumenyonya ziwa moja,
wao husema hivyo mbele ya wageni, kwa fahari,
wanauita undugu.
Sisi hatujauita kitu.
Mama alipofariki sikuulizwa kama nitaendelea.
Aproni ilikuwa kwenye kamba, imekauka.
Nikaianua.

Yeye alipewa shule, na jina la kuingilia benki.
Mimi nilipewa moyo.
Wote husema: Nakijwa ana moyo.

Jioni ile ile Naetwe wangu akafika kutoka bweni,
kidato cha tatu, ada inalipwa na nyumba hii,
(hapo ndipo kamba ilipofungwa, fundo lake nalijua).
Akaweka begi chini. Akaona vyombo vya msiba vimejaa karo,
akakunja mikono ya sweta bila kuambiwa,
akashika sahani kwa namna ile,
kidole gumba chini, vinne juu,
namna ya mama.

Nilimpiga mkono.
Sijawahi kumpiga mwanangu.
Sahani ikaanguka, ile yenye ukingo wa bluu.

Ndealilia akaja mbio, akachuchumaa, akaokota vipande.
"Usijali, dada. Usijali kabisa."
Akasimama, akafungua kabati,
akaanza kuhesabu zilizobaki
taratibu, midomo ikicheza.
Nami nimesimama, mkono wa Naetwe nimeushika
nyuma ya mgongo wangu,
kama mtu anayeficha kitu
ambacho hakijaandikwa kwenye karatasi.